Kutengeneza gripa ya kuokota kitambaa kimoja kimoja: mwongozo kwa karakana ndogo

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kazi ya mifuko mbadala imewapa watu wengi riziki, Dodoma ikiwemo. Hatua zake zinajulikana: kitambaa kisichofumwa cha polipropilini kinakatwa vipande, vipande vinapangwa rundo, halafu kuna mtu kaketi hapo kutwa nzima anaokota kimoja, anakilaza mashineni, anaokota kingine. Kwa wanaoshona sare za shule ni vivyo hivyo, ila rundo lao ni la kaki na buluu. Kazi hii ya kuokota ndiyo ya kwanza watu kutamani kumwachia roboti, na ndiyo ya kwanza kuwashinda.

Mwongozo huu ni kwa mwenye mkono wa roboti wa bei nafuu, au hata reli mbili tu zinazosogezwa na mota, ambaye anajua kutumia drili na kuandika programu fupi ya Arduino. Tutatengeneza gripa, yaani kile kiganja cha mwisho wa mkono kinachokamata, kwa ajili ya vitu vyembamba vinavyolegea.

Jambo moja ulishike kuanzia sasa: ugumu hauko katika kushika, uko katika kutenganisha. Chukua kipande cha mfuko cha sentimita 40 kwa 45 chenye GSM 70, yaani gramu 70 kwa mita ya mraba, kiwango ambacho kila mwenye karakana anakijua kwa sababu mfuko mwepesi kuliko huo haukubaliki. Kina gramu 12.6 tu. Nguvu ya kukiinua ni kama nyutoni 0.12. Hakuna gripa duniani itakayoshindwa kubeba hicho. Kinachokutoa jasho ni kipande cha pili kilichokishikilia kwa chini.

Kabla ya kununua chochote, nenda ukamtazame fundi cherehani akifanya kazi. Maeneo ya soko la Majengo hapa Dodoma humkosi. Tazama vidole vyake, usitazame mashine. Hakamati kona. Anaweka ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada juu ya kipande, anavikaribianisha kidogo, kitambaa kinatuna katikati, ndipo anaubana ule mtuno na kuinua. Niliwahi kumuuliza mama mmoja anayeshona sare anajuaje kwamba hajabeba viwili. "Viwili havikunjiki hivi, baba," akanijibu bila kuinua macho. Jibu hilo tutalihitaji huko mbele.

Hatua ya 1: Pima malighafi

Vipimo ni vinne, vyote vya mezani, na vyote vitakuokolea pesa.

Uzito ndio rahisi. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, uweke kwenye mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, zidisha jibu kwa 100. Hapo una gramu kwa mita ya mraba, ile GSM ya wauzaji. Usitegemee maandishi ya kwenye jora. Pima mwanzo, katikati na mwisho wake.

Ukakamavu unataka kifaa, lakini kifaa chenyewe ni kibao. Mwingereza F. T. Peirce aliieleza njia hii mwaka 1930 na maabara za nguo bado zinaitumia. Chonga kipande cha mbao chenye uso wa juu ulio sawa na upande mmoja ulioinama nyuzi 41.5 kutoka usawa wa meza. Ukikosa kipimapembe, hakikisha kwa kila sentimita 10 za kwenda mbele mteremko unashuka sentimita 8.85. Kata utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita 2.5 na urefu wa 20. Ulaze juu ya kibao, weka rula juu yake, visukume pamoja polepole ili utepe uning'inie ukingoni, mpaka ncha yake iguse mstari wa mteremko. Soma urefu ulioning'inia, gawa kwa mbili. Huo unaitwa urefu wa kupinda.

Pima upande wa mtande (urefu wa jora) na upande wa mshindio (upana wake), kisha geuza uso wa chini uwe juu na urudie. Majibu hutofautiana, wakati mwingine sana, na ukijua upande ulio mkakamavu zaidi utajua gripa ikae imeelekea wapi. Kumbuka pia kwamba ukakamavu unakua kwa mchemraba: vitambaa viwili vya uzito mmoja, kimoja kikiwa na urefu wa kupinda mara mbili ya mwenzake, basi ukakamavu wake ni mara nane.

Msuguano unapimwa kwa kuinamisha ubao. Bandika kipande kimoja juu ya ubao kwa selotepu. Chukua kibao kidogo cha gramu mia hivi, kizungushie kipande kingine, kiweke juu, kisha inua ubao upande mmoja taratibu mpaka kianze kuteleza. Programu ya kupima mteremko kwenye simu inatosha kusoma pembe. Tanjenti ya pembe hiyo ndiyo namba ya msuguano: nyuzi 30 ni kama 0.58. Sasa rudia, safari hii chini ya kibao kukiwa na mpira utakaotumia kwenye vidole vya gripa. Mpira lazima uteleze kwenye pembe kubwa zaidi, na iwe kubwa kwa mbali. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 10, mimi hutafuta mpira mwingine kabla ya kuendelea.

Cha nne ni hewa. Weka kitambaa mdomoni, pulizia. Hewa ikipita kwa urahisi, sahau vikombe vidogo vya kunyonya. Isipopita kabisa, kama nailoni au kiroba chenye utando wa plastiki, una uhuru mkubwa zaidi.

Hatua ya 2: Amua pa kushika

Hapa kuna hesabu ambayo wengi huiruka. Kipande chetu kina eneo la mita za mraba 0.18. Ukikiinua kikiwa kimelala bapa kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, ukinzani wa hewa peke yake ni kama nyutoni 0.11, karibu sawa na uzito wake wote. Ukiongeza kasi kuwa mita 2, ukinzani unafika nyutoni 0.45, karibu mara nne ya uzito. Na hiyo ni hewa ya juu tu. Chini yake, kati ya kipande cha kwanza na cha pili, hewa haijapata pa kuingilia, kwa hiyo cha pili kinavutwa kumfuata mwenzake hata kama hakuna nyuzi zilizonasana.

Kwa hiyo inua kona kwanza, au ukingo, kama unavyobandua stika. Sentimita 3 juu, simama kidogo, hewa iingie, ndipo uendelee kwa mshazari. Roboti iliyopangwa hivi inaonekana mvivu, lakini ndiyo inayomaliza rundo.

Upande wa pili wa swali ni kiasi gani cha kitambaa unakiacha kikining'inia nje ya sehemu uliposhika. Hapa ndipo kile kibao cha Peirce kinalipa. Ukiacha ukingo wenye urefu mara mbili ya urefu wa kupinda, ncha yake itashuka zile nyuzi 41.5 ulizozipima. Ukiacha ukingo ulio sawa na urefu wa kupinda, itashuka kama nyuzi 7 tu. Pamba nyepesi mara nyingi huwa na urefu wa kupinda wa sentimita 2 hivi, kwa hiyo kama unataka kipande kibaki bapa angani, unahitaji sehemu za kushika kila sentimita chache. Kwa kipande cha mfuko hilo ni anasa. Kishike kwenye ukingo mmoja, kiache kining'inie, na kazi ya kukinyoosha uifanye wakati wa kukilaza.

Hatua ya 3: Chagua njia

Kunyonya. Ndiyo njia ya kwanza kumjia kila mtu, na kwa nailoni, karatasi nzito na viroba vyenye utando ni njia nzuri. Kikombe cha kipenyo cha milimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 3.14. Pampu ikivuta kilopaskali 60, unapata karibu nyutoni 19, mara mia na zaidi ya unachohitaji. Tatizo la kitu chembamba ni kwamba kinavutwa ndani ya kikombe, kinafanya makunyanzi, na makunyanzi yanavujisha hewa. Nunua vikombe bapa vyenye mbavu ndani, si vile vyenye umbo la kengele.

Kwa aliye Dodoma kuna jambo ambalo katalogi haisemi. Mji uko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama kilopaskali 89, wakati Dar es Salaam ni 101. Kwa nguvu ya kushika, tofauti hiyo haina madhara kwa kipande cha gramu 12. Lakini pampu iliyoandikwa kilopaskali 80 ilipimwa usawa wa bahari. Hapa itakupa kama 70 hivi. Ukitega swichi ya kuthibitisha kwamba kitu kimeshikwa kwenye 75 kama kitabu kinavyoelekeza, haitajibu kamwe, na roboti itasimama ikingoja huku kitu kimeshikwa vizuri kabisa. Anza kuitega kwa nusu ya kile pampu yako inachofikia mbele ya macho yako, kikombe kikiwa kimezibwa kwa kioo.

Kitambaa kinachopitisha hewa ni hadithi nyingine. Pale pampu ndogo haifai, kinachofaa ni hewa nyingi ya mvuto mdogo. Mota ya kifyonza vumbi cha nyumbani inatosha sana. Tengeneza sanduku bapa, chini yake toboa matundu 10 ya milimita 8. Ukibakiwa na kilopaskali 2 tu kwenye matundu hayo, una nyutoni 1, mara nane ya uzito wa kipande chetu. Ila kile kile kinachokusaidia ndicho kitakachokuharibia: mvuto unapita kitambaa cha kwanza na kushika cha pili. Utaishia kupunguza mvuto hadi karibu kidondoke, halafu siku ya upepo unaanza upya. Njia hii mimi naipenda kwa kuhamisha kipande ambacho tayari kiko peke yake, siyo kwa kukitoa kwenye rundo.

Sindano. Gripa za sindano zinasukuma sindano nyembamba kwa pembe kutoka pande mbili, zinapishana ndani ya kitambaa. Kwa sponji, blanketi na sweta hazina mpinzani. Kwa kitambaa cha mfuko chenye unene usiofika nusu milimita, sindano inabidi iingie kina kisichofika unene huo bila kugusa cha pili, na usahihi huo karakana ya kawaida haiupati. Zaidi ya hapo, sindano ikikatika ndani ya sare ya mtoto wa darasa la kwanza, hasara yake si ya kitambaa tena. Kwa sare, usitumie.

Kupuliza. Inashangaza, lakini ukipuliza hewa katikati ya sahani bapa ikatawanyika pembeni kwa kasi, kitu chembamba kilicho chini yake kinavutwa juu badala ya kusukumwa. Maelezo yake yanatokana na kanuni ya Daniel Bernoulli aliyoichapisha mwaka 1738. Viwanda vinavyoshughulikia vipande vyembamba vya silikoni vinaitumia kwa sababu kitu karibu hakiguswi kabisa. Inataka kompresa inayofanya kazi muda wote, na kwenye meza yenye vumbi inageuka kuwa kifaa cha kutimua vumbi.

Umeme wa volti elfu kadhaa kwenye waya zilizopangwa mfano wa meno ya chanuo, zikifunikwa na plastiki, nao hushika karatasi na nguo. Hewa kavu ya hapa ingeusaidia, vumbi lingeukwamisha. Si mradi wa kuanzia.

Kuna njia nyingine ya kulikwepa tatizo zima: kukifanya kitambaa kiwe kigumu. Mwaka 2016 Mmarekani Jonathan Zornow, kwa mradi wake wa Sewbo, alionyesha roboti ikishona fulana baada ya kitambaa kukakamazwa kwa kemikali inayoyeyuka kwenye maji, kisha fulana ikafuliwa ikalainika. Wazo ni zuri, na anayetia kanzu wanga analielewa mara moja. Lakini kila fulana inadai maji ya kufulia, na kwa mji wenye historia ya mgawo wa maji kama huu, hesabu yake haikai.

Inabaki njia ya yule mama: kutunisha na kubana. Ndiyo tutakayoijenga.

Hatua ya 4: Jenga gripa ya kubana

Vidole ni viwili. Kimoja hakisogei, kingine kinasogea kwa mlalo kama milimita 25 juu ya fimbo mbili za chuma zenye uso laini. Vitengeneze kwa pembe ya aluminiamu ya milimita 2. Kwenye nyayo za vidole gundisha vipande vya tyubu ya baiskeli vyenye upana wa milimita 30 na urefu wa 10. Kabla ya kugundisha, sugua uso wa tyubu kwa msasa laini na uufute kwa spiriti, maana tyubu mpya huwa na unga utelezeshao. Kona za mpira zizungushe kidogo. Kona kali huchora mstari kwenye kitambaa.

Nafasi kati ya vidole wakati wa kugusa ndiyo namba ya kuchezea. Nguvu ya kukitunisha kipande inapungua kwa mraba wa nafasi hiyo: ukiiongeza maradufu, nguvu inayohitajika inashuka kuwa robo. Nafasi ikiwa finyu mno, mpira unateleza badala ya kitambaa kutuna. Ikiwa pana mno, kinatuna ovyo, mara mtuno mmoja, mara miwili. Kwa pamba nyepesi anza na milimita 20, kwa kitambaa kisichofumwa anza na 30 hadi 40, kisha sogeza kwa milimita 5.

Sasa mguso. Watu wakiona vidole vinateleza, wanaongeza kubonyeza. Kwa kitambaa laini chenye vinyweleo, kubonyeza kunasukuma nyuzi za kipande cha juu ndani ya cha chini, na umejitengenezea vipande viwili vilivyoshonana. Weka kila kidole kwenye springi laini yenye uwezo wa kurudi nyuma milimita 10. Za kalamu ya wino zinafaa ukiziweka mbili mbili. Weka mizani ya jikoni chini ya gripa, ishushe, na urekebishe mpaka vidole vyote viwili kwa pamoja visome kati ya gramu 100 na 200. Kipande kisipotuna kwa mguso huo, kosa liko kwenye mpira au kwenye nafasi, siyo kwenye nguvu.

Kwa kusogeza kidole, mota ya servo aina ya MG996R inatosha na kuzidi. Kwa volti 4.8 ina nguvu ya kuzungusha karibu kilo 9 kwa mkono wa sentimita 1, kwa hiyo kwa mkono wa sentimita 2 inasukuma zaidi ya kilo 4. Hiyo ni ya kuvunja, siyo ya kubana. Pangilia hivi: springi ndiyo ifunge kidole, kwa nguvu ya nyutoni 5 hivi, na servo kazi yake iwe kukifungua. Faida ni mbili. Kubana hakutegemei programu, na umeme ukikatika katikati ya safari gripa inabaki imefunga, kipande hakidondoki ndani ya mashine. Servo ipate umeme wake pembeni, volti 5 au 6 zenye ampea 3, isichote kwenye Arduino. Ikikwama inavuta zaidi ya ampea 2 na bodi itajizima. Waya hasi za pande zote mbili ziungane.

Rundo linapungua kadiri unavyookota. Vipande 100 vya nusu milimita ni sentimita 5, na springi zako zina sentimita 1. Funga swichi ndogo kwenye gripa inayoguswa vidole vinaporudi nyuma milimita 3, na programu ishushe mkono mpaka swichi ijibu, bila kutegemea urefu uliokaririwa.

Mfuatano wa programu basi ni huu: shuka na vidole wazi mpaka swichi ijibu, achia springi ifunge taratibu, servo ikiizuia, ichukue kama nusu sekunde, ngoja kidogo, inua sentimita 3 kwa kasi ya chini, simama, pulizia pumzi fupi ya hewa pembeni mwa rundo kama una kompresa, kama huna, tikisa mara moja kwa milimita 5, endelea kwa mshazari.

Hatua ya 5: Vumbi na umeme tuli

Kuanzia Mei hadi Oktoba Dodoma mvua karibu hainyeshi, na alasiri hewa hukauka kiasi kwamba nailoni na polipropilini zinajibandika zenyewe kwa zenyewe. Gripa iliyofanya kazi vizuri mwezi wa tatu inaweza kuanza kubeba viwili viwili mwezi wa tisa bila wewe kugusa kitu.

Dawa ya kwanza ni waya wa ardhi. Meza ya chuma iunganishe na fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini, na eneo hilo la udongo limwagiwe maji mara kwa mara, kwa sababu udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Ya pili ni brashi: menya waya wa umeme wenye nyuzi nyingi nyembamba, zitawanye kama pindo la khanga lililochanika, ziunganishe na waya wa ardhi, na uzipandishe zikae milimita chache juu ya njia ya kipande bila kukigusa. Chaji inarukia kwenye ncha hizo na kupungua sana. Ya tatu ni unyevu. Gunia la katani lililoloweshwa, likitundikwa mbele ya feni, linaongeza unyevu na kupoza chumba kwa gharama ya ndoo ya maji. Lisiwe karibu na karatasi.

Vumbi linaua mpira polepole. Futa nyayo za vidole kwa spiriti kila asubuhi na baada ya chakula cha mchana, na funika rundo usiku.

Hatua ya 6: Tambua viwili kabla havijafika mashineni

Utabeba viwili, hilo halikwepeki. Kinachotakiwa ni kujua.

Kwa kitambaa cha mfuko cha rangi nyepesi, tumia mwanga. Taa ndogo ya infraredi upande mmoja, kipokezi upande wa pili, kipande kipite katikati. Soma namba ya kipande kimoja, soma ya viwili, tega mpaka katikati. Fanya hivyo upya kila jora jipya, maana rangi na unene havirudii.

Buluu ya sare mara nyingi haipitishi mwanga wa kutosha. Hapo rudi kwa yule mama. Vipande viwili vilivyolegea vina ukakamavu mara mbili ya kimoja, na vikiwa vimeshikamana kabisa vinaweza kufika mara nane, kwa hiyo mtuno wao kwenye vidole ni mfupi na mpana. Na hata ukiacha mtuno, unene wenyewe unatosha: kipande kilichokunjwa ndani ya vidole ni unene mara mbili, viwili ni mara nne. Weka mkono mrefu wa wenzo kwenye kidole kinachosogea, uwiano 1 kwa 10, na tofauti ya milimita 1 itakuwa sentimita 1 mwishoni, ambapo swichi ya kawaida inaona.

Ikigundua viwili, roboti isijaribu kuvitenganisha angani. Ivirudishe juu ya rundo, ivitikise, ijaribu upya mara moja. Ikishindikana, iviweke kwenye kapu la pembeni, mtu atavichukua.

Hatua ya 7: Kulaza

Mezani weka kingo mbili za chuma zilizokutana kwa pembe mraba. Ukingo unaoning'inia uguse meza kwanza, halafu mkono urudi nyuma ukishuka kwa mwendo uleule, kipande kijilaze chenyewe. Mpira wakati mwingine hung'ang'ania kitambaa baada ya kufunguka. Fungua vidole huku mkono ukisogea milimita 5 kwa mlalo, usiinue moja kwa moja.

Hatua ya 8: Jaribu, na uandike

Chukua daftari, gawa safu tatu: patupu, viwili, kimepinda. Andika pia saa. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukiokota mara 300 mfululizo bila kosa hata moja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba makosa yako hayazidi 1 kwa kila 100. Mara 30 bila kosa inakupa haki ya kusema 1 kwa kila 10 tu, na hiyo si ya kumwonyesha mteja.

Daftari ndilo litakalokuambia pa kugusa. Patupu zikiongezeka kadiri siku inavyosonga na kupotea baada ya kufuta mpira, ni vumbi. Viwili vikija zaidi saa nane na saa tisa alasiri, ni umeme tuli, angalia waya wa ardhi kabla ya kitu kingine. Viwili vikija kwenye vipande vitano vya juu vya kila rundo, kisu cha kukatia kimekuwa butu na kinayeyusha kingo pamoja. Kunoa kisu ni kazi ya dakika chache na hakuna gripa itakayoifidia. Viwili vikitokea chini ya rundo pekee, uzito wa vya juu umevikandamiza usiku kucha, kwa hiyo panga marundo mafupi. Na vikipinda kila mara upande uleule, springi moja ya kidole imelegea kuliko mwenzake: rudisha gripa kwenye mizani ya jikoni, kidole kimoja kimoja.